Kasha la santuri nne Kisumu: mambo yako upande B

Kasha linalouzwa katikati ya mji wa Kisumu lina santuri nne za rap, zote za Marekani, zote zimetumika, na zote ni za marapa Wazungu. Kuna Licensed to Ill ya Beastie Boys (1986), The Cactus Album ya 3rd Bass (1989), To the Extreme ya Vanilla Ice (1990), na singo ya inchi 12 ya House of Pain, Jump Around (1992). Muuzaji hazitenganishi. Bei ni shilingi 12,000 kwa kasha zima, uchukue au uache. Kwenye kibandiko ameandika: "Rap za Wazungu, Hali Safi."

Hayo ya hali safi ni nusu kweli, tutayafikia. Yanayompoteza mnunuzi ni yale ya mwanzo, kwa sababu yanazifunga santuri nne katika tita moja. Wamarekani Weusi waliozisikia zikiwa mpya hawakuzipokea kwa namna moja. Moja waliicheza wenyewe kabla vijana wa Kizungu hawajaigundua. Moja waliikubali kwa masharti. Moja waliipigia makofi, kisha wakaipa kisogo. Ya nne waliruka nayo tu. Anayepiga muziki kwenye baa ya Kondele au ukumbini Nakuru ananunua mapokezi hayo pamoja na plastiki yenyewe, maana ndiyo yanayoeleza wimbo gani utainua watu na upi utawarudisha vitini.

Tuanze na iliyo nzito. Jalada la Licensed to Ill ni la kukunjua. Mbele unaona mkia wa ndege tu. Ukilifungua ndipo unapoona pua imejikunja kwenye mwamba kama kipisi cha sigara kilichozimwa. Kwenye mkia kuna herufi 3MTA3, na ukizisoma kwenye kioo zinatoa tusi la watoto wa shule. Lebo ya katikati ina nembo ya Def Jam, kampuni iliyoitoa, ule mkono wa mashine ya santuri, pamoja na jina la Columbia waliokuwa wakiisambaza. Jalada limechakaa kingo lakini halijachanika mgongoni.

Sasa iweke chini ya taa, uiinamishe. Upande A una mikwaruzo ya juujuu, ile inayoonekana kwa jicho na isiyosikika. Upande B una kitu kingine. Mwanzoni mwa Paul Revere, na tena mwanzoni mwa Hold It Now, Hit It, kuna pete nyembamba yenye rangi ya majivu, na ukiweka sindano hapo unasikia mvumo wa sekunde mbili tatu kama mafuta yanayoanza kuchemka. Asiyejua atasema santuri imekwisha. Hiyo ni alama ya DJ. Anayetafuta pigo la kwanza huishika santuri kwa vidole na kuirudisha mbele na nyuma chini ya sindano, na sindano ya DJ hukandamizwa kwa gramu 3 hadi 4, karibu mara mbili ya ile ya nyumbani. Fanya hivyo usiku mia na mfereji unalika pale pale. Mwenye kopi hii alikuwa na kazi na nyimbo mbili za upande B, wala hakujisumbua na zile za gitaa.

Na hapo ndipo habari yote ilipo. Beastie Boys, yaani Mike D, Ad-Rock na MCA, walikuwa vijana wa New York waliotoka kwenye muziki wa panki. Walipoingia kwenye rap walivaa walivyodhani marapa wanavaa. Walipomfungulia rapa Kurtis Blow onyesho huko Queens wakiwa na suti za michezo za Puma za sare moja, pamoja na vitambaa vya kichwa, ukumbi uliwacheka. Mwaka wa 1985 Madonna akawachukua kwenye ziara yake, na wasichana waliokuja kumwona wakawazomea. Mwaka uliofuata wakaingia ziara ya Raising Hell pamoja na marapa Weusi Run-DMC, LL Cool J na Whodini, mbele ya kumbi zilizojaa Weusi, na huko wakakubalika. Pima mwenyewe: hadhira ya Madonna iliwakataa, hadhira ya Run-DMC ikawapokea. Kati ya Queens na Raising Hell ngozi yao haikubadilika. Walichobadili ni kuvua sare, wakapanda jukwaani wakiwa vile walivyo, watundu wa mjini wenye mdomo mrefu, tena wakiwa na biti za mtayarishaji Rick Rubin zilizopikwa kwa mashine ya ngoma ya Roland TR-808.

Russell Simmons wa Def Jam naye alikuwa na hesabu zake: singo zianzie kwenye redio za Weusi. Hold It Now, Hit It ilitoka 1986, miezi kadhaa kabla ya albamu, ikaingia chati ya nyimbo za Weusi ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Sikiliza kilichomo. Hakuna gitaa la roki hata kidogo. Kuna vipande vya Kool & the Gang na vya Trouble Funk wa Washington, kuna sauti ya Kurtis Blow iliyotoa jina la wimbo, na kuna mwito wa Jimmy Castor, ambaye baadaye aliwapeleka mahakamani kwa kuuchota bila ruhusa. Mtu Mweusi aliyefungua redio alisikia rekodi za nyumbani kwao zikichezewa na mtu anayezijua. Slow and Low nao ni wimbo wa Run-DMC walioupitisha kwao, na Paul Revere uliandikwa pamoja na Run na DMC, juu ya ngoma ya 808 iliyorekodiwa kisha mkanda ukageuzwa ili ucheze kinyumenyume. Ndiyo maana besi yake inakuja kama inavutwa ndani badala ya kupigwa nje.

Albamu ilitoka tarehe 15 Novemba 1986. Machi 1987 ikawa albamu ya kwanza ya rap kushika namba 1 ya Billboard, ikakaa hapo wiki 7. Hilo kila mtu hulirudia. Linalosahaulika ni kwamba kwenye chati ya albamu za Weusi ilifika nafasi ya 2. Haikuwa muziki wa Wazungu uliopitishwa dirishani kwa Weusi. Ilikuwa imeingia kwa mlango wa mbele, na wenyeji walikuwa wameshakaa nayo.

Kisha ikaja (You Gotta) Fight for Your Right, wimbo wa gitaa wenye video iliyorushwa na MTV hadi ikachosha, ukafika nafasi ya 7 kwenye chati kuu. Kuanzia hapo santuri ikawa na wasikilizaji wa aina mbili. Ziara yao ya 1987 ilikuwa na wasichana ndani ya kizimba jukwaani na bia ikimwagwa ovyo, na waliokuwa wakijaza viti wengi walikuwa vijana wa Kizungu. Public Enemy, kundi la rap la Weusi walioanza tu, ndio walikuwa wakifungua maonyesho hayo. Ukitaka picha moja ya namna hadhira ilivyopinduka ndani ya miezi minane, chukua hiyo.

Kwa hiyo DJ wa Kisumu aifanyie nini santuri hii? Aiweke upande B, aruke No Sleep till Brooklyn (gitaa la mpiga wa Slayer, kundi la metali, lile, zuri, ila si la saa nne usiku Kondele), aanze na wimbo wa pili. Paul Revere, Hold It Now, Brass Monkey, Slow and Low zimepangwa mfululizo, jumla dakika 13 na kidogo, bila wimbo wa kuruka kati yake. Ni muda wa kutosha kumaliza sahani ya omena na ugali. Mvumo wa mwanzo wa Paul Revere hufunikwa ukipandisha sauti baada ya pigo la kwanza, si kabla.

Fight for Your Right, kwa wanaoitaka, ina tatizo la mahali ilipokaa. Ni wimbo wa mwisho wa upande A, upande wenye nyimbo 7 zilizobanwa katika dakika 23. Ukingoni mwa santuri mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu nusu mita kila sekunde; karibu na lebo kasi hiyo hushuka hadi sentimita 21 hivi, mawimbi yakibanana na sindano ikishindwa kuyafuata. Sauti za juu hukwaruza. Kwenye kopi hii zinakwaruza vibaya, hasa herufi za "s". Kusafisha hakutasaidia.

Upande A una wimbo mmoja wa kuokoa, The New Style, wa pili kutoka mwanzo. Kuna neno moja Ad-Rock analitamka pale kabla ya biti kuanguka, na mwaka 1995 J Dilla alilichota na kujengea wimbo wa The Pharcyde, Drop. Mtayarishaji Mweusi wa Detroit akirudi miaka 9 baadaye kuchota kwenye santuri hii, hapo kuna ushahidi kuliko chati yoyote. Na ingawa Paul's Boutique ya 1989 haimo kwenye kasha, itajwe: iliuzwa vibaya ikilinganishwa na hii, lakini Chuck D wa Public Enemy alikuja kusema kwamba marapa Weusi wa wakati ule walijua kimyakimya kuwa hakuna albamu iliyokuwa na biti kali kama hiyo. Chuck D huyo huyo pamoja na LL Cool J ndio walioliingiza kundi kwenye jumba la heshima la roki mwaka 2012. Maneno kuhusu wanawake kwenye Licensed to Ill yamezeeka vibaya, na wenyewe walikuja kuyajutia kwa wimbo. Kwenye sherehe ya familia ruka wimbo wa Girls.

Kabla ya kwenda kwa 3rd Bass, neno kuhusu mashine, kwa sababu mashine za santuri zinazouzwa huku nyingine zimetoka Marekani kama santuri zenyewe. Umeme wao ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Transfoma ya kushusha volti inatibu volti tu, haigusi mizunguko. Mashine za zamani zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira, ambazo mota yake hufuata mizunguko ya umeme, zitaizungusha santuri mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Muziki unashuka karibu nusu-toni tatu na kila rapa anakuwa babu yake. Dawa ni kubadilisha puli ndogo ya mota, uweke iliyotengenezwa kwa mizunguko 50, ambayo ni nene kidogo. Mashine ambazo mota huzungusha sahani bila mkanda, kama Technics SL-1200MK2, hazina shida ya kasi, ila kagua volti yake: baadhi zina swichi ya kuchagua volti chini ya sahani, zile zilizouzwa Marekani ni za 120 pekee.

Usipime kasi kwa Paul Revere. Ngoma inayokwenda kinyumenyume huficha kosa, unaweza kukaa nayo wiki nzima ukidhani ndivyo ilivyo. Pima kwa Brooklyn-Queens, iliyo kwenye The Cactus Album. Ndani yake kuna Best of My Love ya The Emotions, na sauti za wale wanawake kila mtu anazijua. Zikisikika kama wanaume wenye mafua, puli ni ya Marekani.

The Cactus Album ndiyo santuri ya kasha hili tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotunzwa vibaya kuliko zote. Imepinda. Weka kioo cha dirisha mezani, ilaze juu yake, utaona ukingo mmoja umeinuka kama milimita 4. Sindano nyepesi ya gramu 1.8 inaruka kwenye wimbo wa kwanza wa kila upande. Sindano ya DJ ya gramu 4 inapita. Plastiki ya santuri huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo gari lililoegeshwa juani hulifikia bila taabu. Usijaribu kuinyoosha kwa jua au pasi. Iweke kati ya vioo viwili vya milimita 5, juu yake uweke vitabu vya kilo 8 hadi 10, iache kivulini wiki mbili. Haitanyooka kabisa. Ikishuka hadi milimita 2 inatosha.

MC Serch na Pete Nice walikuwa Wazungu, DJ wao Richie Rich Mweusi. Walikuja Def Jam baada ya Beastie Boys kuondoka kwa ugomvi wa malipo, kwa hiyo walipimwa kwa macho mawili: kwanza kama Wazungu, pili kama warithi. Walivyojibu kunasikika kwenye mifereji. Biti zilitengenezwa na Sam Sever, na nyingine na Prince Paul na Bomb Squad, watayarishaji ambao wakati ule kila rapa Mweusi wa New York aliwatamani. Product of the Environment unasimulia kukulia karibu na mitaa ya Weusi bila kudai kuwa mmoja wao. Hilo la mwisho ndilo lililowabeba. Hadhira ile ilikuwa na subira na mgeni anayesema ametoka wapi. Subira iliisha kwa yule anayejifanya mwenyeji.

Sikiliza The Gas Face, wa Prince Paul, uliomtoa kwa mara ya kwanza Zev Love X wa KMD, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la MF DOOM. Humo Serch anauliza kwa nini kila kibaya, kuanzia paka wa mkosi hadi majambazi wa sinema, kimepakwa rangi nyeusi, na anajibu kwamba bila shaka Mzungu ndiye aliyeanza. Mzungu kuyasema hayo kwenye santuri ya 1989 ilikuwa ni kuchagua upande. Lakini angalia wanaemfanyia dharau kwenye wimbo huo huo: MC Hammer, Mweusi. Na kwenye Sons of 3rd Bass wanaopigwa ni Beastie Boys, Wazungu. Mstari waliouchora haukufuata rangi. Ulifuata nani anaiheshimu kazi na nani anaiuza reja reja, na hadhira iliuelewa hivyo hivyo. Albamu ikapata cheti cha dhahabu cha mauzo.

Wasomaji wa huku hawahitaji kufundishwa hesabu hii. Benga ina masikio makali kuliko New York. Extra Golden, kundi la Wamarekani wawili na wanamuziki Wajaluo, lilitoa Hera Ma Nono mwaka 2007, na mtu wa Kisumu akiisikiliza hasikilizi rangi ya mpiga gitaa, anasikiliza kama gitaa linajua njia ya nyatiti. Anyango, Mjapani aliyekwenda Siaya kujifunza nyatiti kwa mwenyewe hasa, anapiga nyuzi nane huku njuga za gara zikilia mguuni na pete ya oduong'o ikigonga mbao. Mguu ukichelewa, wazee watajua kabla ya kumtazama usoni. 3rd Bass walipitia mlango wa namna hiyo.

Waliokosea mlango walikuwepo pia. Young Black Teenagers, kundi la vijana Wazungu waliosimamiwa na Bomb Squad hao hao, walijiita jina linalomaanisha vijana Weusi. Tap the Bottle yao ya 1993 ilichezwa, biti ni nzuri, lakini jina liliwatangulia kila walikokwenda na kuleta ugomvi kabla ya ngoma. Watayarishaji walikuwa wale wale, na bado wenyeji walijiuliza hawa wanadai nini. Hawamo kwenye kasha, na kasha halikupungukiwa.

To the Extreme ndiyo kopi safi kuliko zote nne. Inang'aa. Haina pete ya DJ hata moja, kwa upande wowote. Maana yake unaijua sasa.

Hata hivyo Vanilla Ice hakuanzia kwa Wazungu, na kasha hili lingemwonea kama lisingesemwa. Alijijenga City Lights, klabu ya Weusi mjini Dallas, akicheza na kurap mbele ya watu ambao wangemtoa jukwaani kama hangeweza. Albamu yake ya kwanza ilitolewa na Ichiban, kampuni ya rekodi ya Atlanta. Ice Ice Baby ulikuwa upande wa pili wa singo, hadi DJ mmoja wa Georgia alipougeuza. Ule mwito wa kurudiwarudiwa unatokana na chama cha wanafunzi Weusi cha Alpha Phi Alpha. Besi ni ya Queen na David Bowie, na mwanzoni hawakutajwa. Novemba 1990 ukawa wimbo wa kwanza wa hip hop kushika namba 1 ya chati kuu, na albamu ikakaa namba 1 wiki 16. Kilichomwangusha ni wasifu. Ulitolewa wasifu wa mtoto wa mitaa mikali ya Miami, na gazeti la Dallas likaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ujana wake ilikuwa kwenye vitongoji vya Texas. City Lights walikuwa wamempokea bila hadithi hiyo. Ilitungwa kwa ajili ya wanunuzi wa mbali, ikamharibia nyumbani. Mwaka 1991 3rd Bass wakammaliza kwa Pop Goes the Weasel, ulioongoza chati ya singo za rap.

Kwa DJ, wimbo mmoja tu, na hata huo kwa kicheko. Sehemu nyingine ya santuri ni kujaza.

Jump Around ni kinyume chake. Haina hadithi ndefu kwa sababu hakuna aliyeidai. Everlast, rapa wa House of Pain, alikuwa ametokea kwenye kundi la Ice-T, Rhyme Syndicate; biti ni ya DJ Muggs wa Cypress Hill, tarumbeta za mwanzo zimetoka Harlem Shuffle ya Bob & Earl. House of Pain walijitangaza kuwa Waairishi, wakavaa kijani, wakamaliza. Walikuwa wamejifunza kwa waliotangulia: sema ulikotoka, lete biti, nyamaza. Ulifika nafasi ya 3 kwenye chati kuu mwaka 1992 na Weusi waliruka nao sawa na wengine.

Singo ya inchi 12 ina wimbo mmoja au miwili kwa upande, kwa hiyo mifereji imeachana na besi imekatwa kwa kina. Ukiipiga baada ya albamu ya dakika 23 kwa upande, punguza sauti kidogo kwanza, la sivyo spika za baa zitalalamika. Kasi yake ni mapigo 107 kwa dakika. Kopi hii ina mkwaruzo mmoja wa kukata mifereji, kwenye beti ya pili, unaotoa "tik" kama mara sita, ukumbini hausikiki. Jalada ni karatasi tupu lenye tundu, na ndilo lenye kasoro: limeshika ukungu.

Ukungu ndio adui wa santuri Kisumu, kama vumbi lilivyo Nakuru. Unaonekana kama vidoa vyeupe visivyotoka kwa kupuliza, na hukaa kwenye karatasi kabla ya kuhamia kwenye plastiki. Tupa karatasi za ndani zote nne siku hiyo hiyo, ununue mpya. Simamisha santuri wima, kiganja kimoja mbali na ukuta wa nje, na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe tena. Nakuru mambo ni mepesi kidogo: kifuniko cha mashine, na brashi ya nyuzi laini kila kabla ya kucheza.

Kuosha: mililita 800 za maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta (soma chupa vizuri, asidi hukaa rafu hiyo hiyo), mililita 200 za alkoholi ya isopropili kutoka duka la dawa, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na marashi. Spiriti ya rangi haifai, rangi hubaki kwenye mifereji. Maji ya bomba yana chumvi, nayo hukauka humo. Pangusa kwa kitambaa laini ukifuata mviringo, kamwe usikate mifereji, lebo isilowe. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu, simamisha kwenye kichanja cha vyombo nusu saa. Na kama nyumbani kuna sahani za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika kama kigae, zisiguswe na dawa hii: alkoholi huziyeyusha.

Tungempa muuzaji shilingi 9,000 kwa kasha lote, tukimwonyesha kupinda kwa moja na ukungu wa nyingine. Akikataa, bado 10,000 si hasara. Siku ya kuosha anza na To the Extreme. Mkono ukiteleza hapo, hakuna kitakachokosekana.